Vidato Arobaini na Vinane

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mlinzi wa jengo la ofisi za serikali alimaliza kufagia ngazi za nje akakuta vidato ni arobaini na saba. Alishuka, akahesabu upya kwa kuvigonga kimoja kimoja na mpini wa fagio. Arobaini na saba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefagia vidato arobaini na vinane kutoka chini hadi ghorofa ya tatu, kumi na sita kwa kila ghorofa (vya juu zaidi, hadi ghorofa ya sita, havikuwa zamu yake), na hakuwa mtu wa kukosea hesabu ya kitu anachokiinamia kila siku. Alichukua daftari la zamu, akaandika: "Kidato kimoja hakipo. Hakuna mlango uliovunjwa." Kisha akaketi kunywa chai.

Kidato hicho kilikuwa kimepotea jana yake mchana, yeye akiwa amekwenda kununua kiberiti. Aliyekiona kikiondoka ni fundi wa kufuli wa mtaa wa pili, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya ngazi na fomu ndani ya mfuko wa nailoni.

Miguu ya Fundi ilikuwa imeacha kazi tangu alipougua akiwa na miaka minne. Mikono ilichukua zamu yote. Ilitembea ikiwa imevaa ndala, ilichonga funguo, ilifungua makufuli ambayo wenyewe walishayakatia tamaa, na ilipobidi ilizaba kofi. Mtaani walimwita Fundi tu, na aliyemtafuta fundi mwingine, wa bomba au wa umeme, ilibidi ajieleze. Alichotaka serikalini kilikuwa kimoja: baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono, itokayo kwenye fungu la kusaidia watu wenye ulemavu.

Baiskeli yenyewe hakuitaka kwa ajili ya raha. Mdogo wake wa kike, aliyelelewa naye baada ya wazazi kufariki, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu ana kumi na mitano alikuwa akimbeba dada yake mgongoni kwenda kibandani asubuhi na kumrudisha nyumbani jioni. Sasa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo cha mji mwingine, baada ya kuomba mara tatu. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu ya baada ya siku ya mwisho ya kupokea fomu za fungu. Msichana alisema haendi. Hakusema kwa kulia wala kwa kununa, alisema kama mtu anayetangaza kwamba leo maji hayatoki. Hawezi kumwacha dada yake sakafuni, basi. Fundi hakuwa mwoga, lakini jambo hili lilimtia hofu ya kweli: kwamba mdogo wake atazeeka mgongo umepinda, maisha yake yote yakiwa yametumika kama nauli ya mtu mwingine.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa kuomba. Mwaka wa kwanza Fundi alipanda ngazi zote kwa mikono, ndala zake zikipiga zege kwa muda wa saa nzima na robo, hadi chumba namba kumi na mbili, ghorofa ya tatu. Afisa wa fungu alimkaribisha vizuri, akampa maji ya kunywa, wakajaza fomu pamoja hadi swali la tisa: "Mwombaji amefikaje ofisini?" Palikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kiliandikwa "mwenyewe", cha pili "kwa kubebwa au kusaidiwa", cha tatu "hakufika". Afisa akatia alama kwenye cha kwanza, na kwa kuwa mtu anayepanda vidato arobaini na vinane mwenyewe hana shida ya kwenda anakotaka, maombi yakakataliwa. Mwaka wa pili Fundi alikuja mgongoni mwa mdogo wake. Afisa akatia alama kwenye cha pili, na kwa kuwa mwombaji ana msaidizi tayari, maombi yakakataliwa. Cha tatu kilikuwa hakina mjadala, kwa sababu fomu ya asiyefika haipokelewi.

Mwaka huu Fundi alikata shauri kuketi chini.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kazini, hakupokea cha mtu chini ya meza, na aliwaamkia wafagizi. Watu walimwita Bwana Utaratibu na yeye alilipenda jina hilo. Kila mwaka fungu lake lilimaliza mwaka bila kuguswa, na ukutani kwake palitundikwa barua mbili za pongezi kwa jambo hilo. Siku ile ya kwanza, alipopelekewa habari kwamba kuna mtu chini, alitoka kwenye roshani, akaegemea ukingo.

"Fomu hupokelewa mezani kwangu, mama."

"Basi shuka na mhuri, mkubwa, tumalizane hapa."

Afisa alieleza kwa upole kwamba mhuri haushuki. Mhuri uliotangulia uliwahi kuondoka ofisini bila ruhusa, ndiyo maana huu ulifungwa mnyororo kwenye meza, na ufunguo wa kufuli la mnyororo ulipotea miaka saba iliyopita. Fundi akasema hilo ni jambo la dakika mbili, wamletee kufuli. Afisa akasema kufuli liko kwenye meza, na meza imefungwa kwa boliti sakafuni. Walitazamana kidogo, mmoja juu, mwingine chini.

"Njoo kesho," afisa akasema, akarudi ndani.

Hapo jengo likashuka. Lilishuka taratibu, kimo cha kidato kimoja, kwa mguno wa mtu mzima anayeketi baada ya kusimama muda mrefu. Kidato cha kwanza kiliingia ardhini mbele ya magoti ya Fundi bila kupasua kitu. Alivuta mkeka wake nyuma kidogo ili usibanwe, akasubiri mdogo wake aje kumchukua.

Siku ya pili alikuja tena, akakataliwa tena, na vidato vikawa arobaini na sita. Ilipofika Ijumaa vilikuwa vimebaki arobaini na vitatu. Jumamosi na Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa, jengo lilitulia. Katikati ya mwezi Fundi aliugua homa akalala wiki nzima, na wiki hiyo nzima mlinzi alifagia hesabu ile ile. Fundi aliporudi, amekonda, sauti imemkauka, mlinzi alimsogezea kikombe cha chai na kumwambia waziwazi kwamba jengo linashuka akikataliwa yeye. Fundi akajibu kwamba aliliona hilo tangu siku ya tatu, ila hakutaka kuonekana anajivuna.

Kazi za serikali ziliendelea. Ghorofa ya chini kabisa palikuwa na ofisi ya vipimo na mizani. Walipoona dirisha lao linaingia udongoni, walitoa vifaa vyao, wakapima mshuko wa jengo, wakathibitisha kwamba kila kidato kinashuka kwa kipimo sahihi. Wakaomba taa. Baadaye wakaomba ngazi ya mbao ya kutokea juu, wakapewa, wakaizoea. Mhandisi wa manispaa alikuja siku moja na timazi yake, akaliona jengo limenyooka, halina ufa, akaandika halina kasoro. Bwana Utaratibu mwenyewe aliwaambia wenzake kwamba siku hizi anapanda ngazi bila kuhema, na kwamba ni faida ya kuacha sukari.

Nyumbani, vidato vilipofika ishirini na vitano, Fundi aliona sanduku chini ya kitanda cha mdogo wake, la kuazima, lenye vishikizo viwili vya chuma. Jioni ile alikula vizuri kuliko siku zote.

Siku ambayo afisa alikaribia kuharibu mambo ni ile aliyopata mjukuu. Alitoka kwenye roshani ameng'aa, akamwamkia Fundi kwa jina la kazi yake, akasema atatazama la kufanya. Jengo likabaki limesimama. Fundi alikwishajua kwamba "nitatazama" si ndiyo wala si hapana, na kwamba mtu anaweza kuzeeka akiingojea.

"Mkubwa, naomba unijibu kama siku zote," akasema.

"Leo nina furaha, mama. Sitaki kumkatalia mtu."

"Nakuomba sana. Nina haraka."

Afisa akatabasamu, akatikisa kichwa, akawa anageuka kwenda zake. Mlinzi alishika fagio kwa mikono miwili. Fundi akatafuta kichwani kwa kasi, kama anavyotafuta kipini kilichokwama ndani ya kufuli, akakipata.

"Basi fomu yangu utaipokea hapa chini?"

"Hilo hapana," afisa akasema, bado anatabasamu, na jengo likaketi kidato kimoja. Fundi alimshukuru kwa moyo wake wote, akamwombea mjukuu afya.

Kwa hiyo mambo yalikwenda mbele, kidato kwa siku, maana afisa alikuwa akikataa mara moja tu na kurudi ndani. Wapita njia walianza kumsalimu. Muuza magazeti alihamishia meza yake karibu na mkeka kwa sababu watu walikuja kuuliza vimebaki vingapi. Fundi alitengeneza makufuli pale pale, mkekani, huku akisubiri kukataliwa, na wateja walimwona mtu mwenye ofisi nzuri kuliko kibanda.

Jumatatu ya wiki ya mwisho vilikuwa vimebaki vidato vitatu. Fundi alipiga hesabu, akaona Jumatano jioni roshani itakuwa imelingana na barabara, Alhamisi fomu ipokelewe, Ijumaa, siku ya mwisho ya fomu, wamekwisha. Alikuwa bado anapiga hesabu mlinzi alipokuja kumwambia kwamba afisa hayupo. Ameitwa semina ya siku nne, juu ya kusogeza huduma karibu na wananchi, na atarudi Ijumaa.

Aliyebaki chumba namba kumi na mbili ni karani, binti mpole mwenye miwani. Fundi alimwita, akamweleza kwamba anahitaji tu kukataliwa, haitachukua muda.

"Dada yangu, sina mamlaka ya kukataa," karani akasema. "Hata ya kukubali sina."

Alisema kwa huruma kabisa. Jengo halikusogea. Jumanne alisema vivyo hivyo, na Jumatano pia. Vidato vitatu si kitu kwa mwenye miguu, mbwa wa mtaani alivipanda akalala kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Fundi angeweza kuvipanda kwa mikono kwa muda wa kupiga chafya, naye alijua kisanduku gani kitamngoja huko juu. Jumatano jioni, akiwa ameketi mlangoni kwao, alisikia ndani vishikizo viwili vya chuma vikifunguka, na nguo zikirudishwa rafuni moja moja. Masikio ya fundi wa kufuli hayakosei sauti ya chuma. Alishika tama, akalia bila sauti, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Alhamisi asubuhi alifika amepiga moyo konde. Alimwambia mlinzi atoe simu yake, ampigie afisa hukohuko seminani, aiweke kwa sauti kubwa.

"Nimwambie nini?" mlinzi akauliza.

"Mpe salamu. Mengine niachie mimi."

Simu iliita muda mrefu. Bwana Utaratibu alipopokea alikuwa ananong'ona, na nyuma yake mtu alikuwa akisoma kitu kirefu. Fundi alimwomba kwanza amruhusu karani aipokee fomu kwa niaba yake. Afisa akasema haiwezekani. Jengo lilishuka, na karani, aliyekuwa akimimina chai, akashika birika. Fundi akamwomba basi arudi leo, hata kwa nusu saa. Afisa akasema hapana, semina imefika mahali patamu. Jengo likashuka tena. Kikabaki kidato kimoja, chembamba, kimelika katikati kwa miaka ya viatu vya watu. Fundi alikitazama. Alikuwa na ombi moja bado, nalo hakulitunga. Lilikuwepo kifuani kwa miaka mitatu.

"Mkubwa, swali la tisa. Huwezi kuongeza kisanduku cha mtu kama mimi?"

"Fomu haibadilishwi, mama," afisa akanong'ona, akakata simu.

Jengo likashuka mara ya mwisho. Roshani ya ghorofa ya tatu ikakaa sawa na barabara, ukingoni mwa mkeka, na kitambaa cha kufutia miguu cha chumba namba kumi na mbili kikawa karibu na goti la Fundi. Mbwa aliamka, akajinyoosha, akatembea moja kwa moja hadi barabarani. Mlinzi aliandika kwenye daftari la zamu: "Vidato sifuri." Mdogo wake Fundi, alipokuja jioni kumchukua dada yake, alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu akiutazama. Usiku huo vishikizo vya chuma vilisikika tena, mara hii vikifungwa.

Ijumaa saa mbili kamili afisa alifika, akafungua mlango wake, akaketi. Meza yake ilikuwa karibu kabisa na mlango, kwa ajili ya mwanga. Fundi, akiwa mkekani pale pale, alinyoosha mkono tu, akaweka fomu mezani. Mdogo wake alisimama nyuma yake. Karani aliacha kuchapa.

Afisa alisoma swali la kwanza hadi la nane, akagonga kila moja kwa kalamu. Alipofika la tisa akavua miwani. Mwenyewe? Mlinzi aliitwa na daftari lake, akashuhudia kwamba mama huyu hajasogea. Mkeka ulikuwa hapo hapo tangu siku ya kwanza, ukiacha mara ile alipouvuta nyuma, na ardhi ina alama. Kwa kubebwa? Amebebwa hadi barabarani, na barabara si ofisi. Hakufika? Kiganja cha Fundi kilikuwa juu ya meza ya serikali, na kucha zina grisi. Afisa alivaa miwani, akavua, akavaa. Mdomo wake ulianza kujipanga kwa yale maneno yake mawili, "njoo kesho", kwa mazoea tu, bila ubaya.

"Sema tu, mkubwa," Fundi akamwambia. "Ila watazame kwanza wenzako wa mizani."

Wakati huo huo mkuu wa vipimo na mizani alikuwa akichomoza kutoka ardhini kwa ile ngazi ya mbao, faili kwapani. Aliwaamkia wote, akainama, akakung'uta udongo kutoka nyweleni, kutoka masikioni, kutoka ndani ya kola, akatoa mchwa mmoja mfukoni na kumweka chini kwa uangalifu. Kisha akaenda zake kutafuta jua. Afisa alimtazama hadi alipopinda kona.

Alifungua droo, akatoa rula. Kando ya visanduku vitatu alichora cha nne, kidogo, kilichonyooka, pembe zote sawa. Mbele yake akaandika kwa mwandiko mzuri: "Ofisi ilimfikia mwombaji." Akatia alama. Akapekua kanuni kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho na hakukuta popote kwamba mtu wa namna hiyo anakataliwa. Basi akavuta mhuri, mnyororo ukalia juu ya meza, akagonga.

Fundi alicheka kwa sauti, akalia, akacheka tena. Mdogo wake alikaa chini, barabarani, na gauni lake safi, akaweka kichwa begani mwa dada yake. Muuza magazeti alipiga makofi, na watu waliokuwa wakipita wakapiga nao, wengine bila kujua wanapigia nini.

Baiskeli zilikuwa kwenye banda nyuma ya jengo. Mlinzi alifungua mlango ambao bawaba zake zilikuwa zimesahau kazi, na ndani zikaonekana, mstari nyuma ya mstari, sitini na tatu, kila moja imefungwa nailoni kama ilivyotoka kiwandani, vumbi limelala juu. Zilikuwa zimekaa hapo miaka sita. Fundi alizitazama muda, na furaha yake ikaingia uchungu, kwa maana aliweza kufikiria watu sitini na tatu. Kisha alichagua ya bluu, akajivuta kitini, akashika mipini. Mikono yake, iliyokuwa imemtembeza maisha yote, ilielewa mara moja. Alizunguka uwanja mara tatu, ya tatu kwa kasi iliyomfanya mlinzi aruke pembeni.

Aliporudi mbele alimkuta afisa akimsubiri kwa heshima. Kulikuwa na jambo la kiofisi. Kanuni ilisema fomu za fungu hupokelewa ghorofa ya tatu, na ghorofa ya tatu, ukihesabu kutoka barabarani kama ilivyo sahihi, sasa ilikuwa ile iliyokuwa ya sita, stoo ya majalada. Lazima ahamie huko kabla ya Jumatatu. Boliti za meza wamezifungua, lakini mhuri umefungwa na ufunguo haupo. Je, Fundi angewasaidia?

Mdogo wake alimwangalia dada yake kwa macho yaliyosema aachane nao. Fundi alilitazama kufuli. Lilikuwa zuri, la zamani, na tangu siku ya kwanza alikuwa akitamani kulishika. Alilifungua kwa nyaya mbili kabla afisa hajamaliza kushukuru, mnyororo ukaanguka, mhuri ukabaki mkononi mwake. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, mpini wake wa mti umepasuka, umefungwa kwa uzi. Aliushika muda kidogo, akaona karani anamtazama. Kisha akamrudishia afisa, akawachongea ufunguo mpya. Akachonga na wa akiba, akautia kwenye pete yake ya funguo, kama afanyavyo fundi yeyote anayewajua watu. Wapagazi watatu wakapandisha meza juu.

Jumapili, Fundi alimpeleka mdogo wake kituo cha mabasi. Msichana alikaa nyuma ya kiti, sanduku mapajani, akishikilia mabega ya dada yake.

"Dada, polepole."

"Umenibeba miaka minane, umewahi kunisikia nalalamika?"

"Kila siku."

"Basi lalamika na wewe."

Walikwenda hivyo mji mzima, na Fundi alichukua njia ndefu makusudi. Kituoni mdogo wake alimtengeneza kola ya shati, ambayo haikuwa na kasoro, akapanda basi, mgongo umenyooka. Fundi aliutazama ule mgongo hadi mlango ulipofungwa, akaona haujawahi kuwa mzuri namna ile.

Jumatatu asubuhi, akienda kibandani peke yake, alipita mbele ya jengo. Ngazi za nje zilikuwa zimefagiwa, vidato arobaini na vinane, kutoka barabarani hadi juu kabisa. Chini yake, kwenye kipande cha boksi, ameketi mwanamume mnene mwenye magongo mawili, fundi viatu, fomu mpya mkononi. Fundi alisimamisha baiskeli, akaiomba ile fomu, akatazama swali la tisa. Visanduku vitatu.

Alimrudishia fomu, akamweleza. Aje kila siku ya kazi, asiugue. Achukue kazi zake aje nazo, muda upo. Asikubali "nitatazama", akiambiwa hivyo aulize jambo jingine hadi akataliwe vizuri. Na boksi hilo alisogeze nyuma kidogo. Mwanamume alisikiliza kwa makini, akasogeza boksi.

"Juu ya hapo hakuna ghorofa nyingine," mlinzi akasema, akiegemea fagio. "Hii ikishuka, sijui watakwenda wapi."

"Watajenga," Fundi akasema.

Mlinzi akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya jengo lori lilikuwa linashusha matofali.

Juu kabisa, kwenye roshani mpya, Bwana Utaratibu alitoka, akaegemea ukingo akihema kidogo, akamwona mwanamume na magongo yake. Akamwamkia Fundi kwa mkono, naye akamwitikia. Halafu akasema maneno yake mawili, na jengo likaketi kidato kimoja.

"Arobaini na saba," mlinzi akasema, akafungua daftari.

Fundi alishika mipini. Kibandani kulikuwa na makufuli kumi na moja ya watu, na alikuwa tayari amechelewa kwa raha zake mwenyewe.